Kadogo wa Bwawa la Chini

Baba,

Salamu nitazileta siku nyingine. Leo nimeshtuka, na mtu wa kumwambia ni wewe tu, na wewe ndiye umelala chini ya udongo. Mikono yangu inanuka samaki mpaka sasa. Nimeinawa kwa sabuni, nimeinawa kwa majivu, nimeiacha.

Leo tumekusomea arobaini. Watu wamevuka mto kutoka upande wa stesheni, wengine wametoka Kailo, na hapa Alunguli hakuna jirani aliyekosa. Furaha, mke wangu, alisema wageni hawawezi kula wali na sombe tupu, majani ya muhogo bila kitoweo, nishuke bwawani nikavue chochote. Nikamwambia bwawa la juu lina watoto wa kadogo tu, visamaki vya kidole, watatutia aibu. Akanijibu, "Tupa wavu kwanza, maneno nyuma." Unamjua. Nikatupa kwa hasira, ili nimwonyeshe.

Baba, nilishindwa kuuvuta.

Alitoka tilapia mrefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, na kooni ana wekundu. Wekundu ule wako. Ule ulioutafuta ujana wako wote kule kituo cha samaki, ukichagua wazazi kama mtu anayemposea mwanawe: huyu umemtaka, huyu umemkataa kwa sababu mkia haukukupendeza. Akatoka wa pili. Akatoka mwingine. Nilikaa kwenye tope na kanzu yangu ya arobaini. Furaha alidhani nimeumwa na nyoka.

Samaki wako hawakuisha. Ulikufa unawalilia, na walikuwa hai nyuma ya nyumba uliyolala.

Ngoja. Nianze vizuri, maana nikiruka-ruka hivi utanigombeza hata huko uliko.

Nilipokuwa mdogo ulikuwa unamlaza samaki chali kiganjani mwako, unanihesabisha matundu chini ya tumbo. Mawili, dume. Matatu, jike. Madume bwawa la juu, majike bwawa la chini, na wakutane kwa ruhusa yako tu. "Ukiwaacha pamoja," ulikuwa unasema, "watazaa sawa wazimu, chakula kitaisha, na wewe utavuna sindano." Mama alicheka, akasema hakuolewa na mwanamume, ameolewa na mshenga wa samaki. Ukanifundisha pia habari ya maporomoko. Kwamba mto ukikatwa na maporomoko, samaki wa juu na samaki wa chini hawaoani tena, na polepole wanaachana kwa umbo na kwa tabia, mpaka wanakuwa makabila mawili. Nikakuuliza kama tukikaa pale siku nzima tutawaona wakigeuka. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Hata babu ya babu yako hawezi kuona, mutoto wangu. Ile njo kazi ya vizazi visivyo na hesabu."

Neno hilo lishike, Baba. Nitalirudia.

Kisha vita. Askari walitupa bomu bwawani wapate kitoweo, ukingo uliotenga madume na majike ukabomoka, nasi tukakimbia kwa njia ya Kailo. Mimi walinichukua njiani, kapu la mihogo bado liko kichwani. Ya huko sitakuandikia. Hukutaka kuyasikia ukiwa hai, nami sikutaka kuyasema. Mama mlimzika msituni bila mimi.

Niliporudi nilivuka Lualaba kwa mtumbwi, nikakukuta umesimama ndani ya maji, yamekufika kiunoni. Nilikuwa na miaka ya kijana na kimo cha mtoto. Sikuwa nimekua. Nikasema, "Baba." Uliniangalia toka kichwani mpaka miguuni. Ukasema, "Mutoto wangu alikwenda. Huyu njo kadogo tu."

Kadogo. Neno la kila mtu wakati ule, la sisi watoto tuliovishwa magwanda. Wenzangu waliitwa hivyo na wakubwa wa jeshi. Mimi niliitwa hivyo na baba yangu.

Na bwawa la chini lilikuwa limejaa visamaki vya urefu wa kidole. Kila jike uliyemshika alikuwa mdomo umefura, amebeba watoto mle kinywani. Watoto wenye watoto. Ukasema samaki wako wamekwisha, hawa ni kabila lingine lililoletwa na mafuriko, na wao pia ukawaita kadogo. "Vita njo maporomoko," ulisema. "Yule wa juu siye yule wa chini." Ulikuwa unatazama maji, lakini aliyesimama mbele yako ni mimi.

Haki yako sitaificha. Ulinipa chakula, ulinipa chumba, ulinisimamia mpaka nikaoa. Ila jina langu hukulitaja tena. "Kadogo, lete jembe." "Kadogo, funga mufereji." Nimeota mvi nikiitika. Watu wa Alunguli walidhani ni utani wetu wa nyumbani, nami nikawaacha wadhani.

Ulipozidiwa ulinishika mkono. Nikasema moyoni, sasa. Nikasogeza sikio. Ukaniambia, "Nikishakufa, arobaini ikipita, kausha bwawa la chini. Toa hao kadogo wote. Usiache hata mumoja." Nikaitika, na ahadi ni deni. Jembe la kubomolea ukingo nilikuwa nimeshalinoa. Kesho ndiyo ilikuwa siku yake.

Sasa sikia alichonieleza Furaha leo, nikiwa bado topeni. Ulipoanza kuugua mwaka juzi, ukawa hushuki tena bwawani, yeye alimshika jike mmoja wa kadogo akamtemesha watoto kwenye beseni. Akawalea kwa pumba za mchele na kumbikumbi. Mimi mwenyewe nilimhesabia matundu walipofika urefu wa kidole. Nikamwachia madume watupu bwawa la juu, lililobaki tupu tangu tulipourudisha ukingo, nikamcheka kidogo, nikarudi mjini kwenye kazi yangu ya pikipiki, nikasahau. Nilijua watabaki vile vile. Kumbe bwawa ni pana, wao wachache, wanashiba, hakuna anayewawinda, hakuna jike wa kugombania. Wakakua. Ndiyo yote, Baba. Waliachwa wakakua.

Hawakuwa kabila lingine hata siku moja. Samaki aliyebanwa, anayewindwa kila kukicha, hana nafasi ya kurefuka. Anawahi kuzaa kabla hajaliwa, na nguvu zote zinaishia hapo. Lakini wekundu wa koo ulikuwa ndani yao muda wote, umenyamaza. Na wewe uliyajua haya! Wewe uliyenicheka kwa kutaka kuona kabila likigeuka kwa siku moja, ndiye uliyeamini kwamba vita viligeuza samaki wako kwa miaka ile michache. Vizazi visivyo na hesabu, ulisema mwenyewe. Ulisahau? Au uliumia mno, ikawa rahisi kusema wamekufa? Nimekukasirikia leo, Baba, mbele ya wageni, kanzu imejaa tope. Nimekukasirikia na nimelia, sijui kipi kilitangulia.

Na kuna jambo linanisumbua kuliko samaki. Mjukuu wako, yule niliyempa jina lako, amenipita kichwa na mabega. Wiki yako ya mwisho alikuletea uji, akainama mlangoni asigonge paji la uso. Ulimtazama sana, ukasema, "Urefu huu njo wa baba yangu." Mimi nilikuwa nakunja shuka, sikutia maanani. Nimekusikia leo. Urefu wa baba yako ulipita wapi hata ukamfikia mtoto huyu? Hakuna njia nyingine, Baba. Ulipita kwangu. Ulijua ulipolisema? Ulikuwa unaniambia mimi? Wageni wameondoka, nimekaa na swali hili, na wa kunijibu hayupo.

Basi unisamehe, wasia wako siutimizi. Jembe nimelirudisha ndani. Kesho nitashuka bwawa la chini, lakini nitashuka na beseni. Nitawatemesha wale mama wadogo, nitahesabu matundu kama ulivyonifundisha, madume huku, majike kule, niwape nafasi. Watakaotoka na wekundu kooni ndio watakuwa wazazi. Mkia usiopendeza nitaukataa kwa niaba yako. Na nimewaambia wa nyumbani neno lile lisisikike tena ukingoni kwetu, si kwa samaki, si kwa mtu.

Wageni walikula wakasifu. Mzee mmoja aliyestaafu reli, hanifahamu, alilamba vidole akauliza samaki hawa nimewaagiza wapi. Nikamwambia ni samaki wa baba yangu. Akasema, "Na wewe njo nani wake?"

Baba, nilisimama. Mtu mzima na ufupi wangu wote, nikasimama mbele ya sahani za watu, nikamjibu kwa sauti, "Mwanawe." Hakuna aliyebisha. Nilikuwa nimejiandaa kubishiwa, na hakuna aliyebisha.

Pumzika sasa. Mungu akulaze penye maji baridi. Bwawa lako liko na mtu. Natia hapa chini jina ulilonipa wewe mwenyewe, la baba yako, yule mrefu.

Mwanao,
Amisi