Mahindi Yaliyogoma Kufanana

Kabuchai

Mjukuu wangu Nekesa,

Pokea salamu huko shuleni Kitale. Sisi tu wazima, na ng'ombe wetu mweusi amezaa ndama mwekundu.

Umeniuliza kama niliwahi kujua huo urithi mnaosoma kwenye baiolojia. Jina lake sikulijua. Nilipoolewa nilipanda mbegu ya haibridi, ile ya dukani inayochanganya koo mbili za mahindi, nikavuna vizuri sana. Halafu nikafanya kama mama alivyonifunza: nikachagua mahindi makubwa, nikayatundika juu ya jiko yapate moshi, nikayapanda tena. Shamba likatoka vituko. Mimea mingine mirefu, mingine inanifika magotini. Majirani walicheka: "Ati hii ni mbegu ya ukoo gani?"

Mimi nikaona kumbe ufupi ulikuwa umejificha ndani ya yale marefu. Basi kila msimu nikatundika mahindi ya ile mimea tu iliyosimama upepo ulipoangusha mingine. Nilifanya hivyo miaka mingi, mpaka shamba zima likawa halianguki kwa upepo. Siku hizi waliocheka wanapiga hodi jikoni kwangu kuomba mbegu.

Mwalimu akiuliza nani ameona mbegu ikichaguliwa mpaka ikabadilika, nyoosha mkono. Uji uliokukuza ulitoka hapo.

Nyanya yako