Pasi Ndogo Pembeni ya Cherehani

Mjukuu wangu Chantal,

Huku Gihundwe batoto bote bazima, na mama yako ameenda Gashonga kuvuna maharage. Unasema seva yako ndogo, inayokaa ndani ya programu za wengine na kutoa kurasa zinapoombwa, wenzako wanataka uiongezee kila kitu. Unaniuliza kama ukatae.

Nilipokuwa fundi kijana kule Bukavu, niliweka pasi ndogo ya makaa pembeni ya cherehani, ya kunyooshea mishono yangu tu. Majirani wakaanza: "Maman, nisaidie na hii pazia, moja tu!" Nikashindwa kukataa. Nikanunua pasi kubwa na meza kubwa. Siku moja bibi harusi akaja kuchukua gauni lake, akakuta bado halina mikono, na cherehani imefunikwa na mashuka ya watu. Alilia mbele yangu.

Kesho yake nilitoa ile meza, nikarudisha pasi ndogo. Majirani walininunia mwezi mzima. Sikurudi nyuma.

Kataa, mama. Kwa adabu, lakini kataa.

Jana mjukuu wa yule bibi harusi alivuka daraja la mpakani kutoka Bukavu kuchukua gauni lake la harusi kwangu. Lilikuwa na mikono yote miwili.

Koko wako