Tangu Waing'oe Simu Yetu

Mtaa wa Lagrange,
Toledo, Ohio.
9 Februari 1986

Mpendwa Shangazi Wanda,

Habari za siku nyingi? Natumaini jua la Arizona linakutunza, na lile goti limepunguza kelele. Sisi huku tupo. Theluji imepanda hadi ngazi za mlangoni. Joanie anaota meno, na mimi nimesahau usingizi una ladha gani. Nakuandikia nimempakata, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Naandika kwa sababu siwezi kukupigia. Mahakama iliamuru simu yetu ing'olewe mpaka kesi ya Lenny iishe. Mafundi walikuja na askari, wakachomoa waya ukutani, likabaki tundu nililoliziba kwa kitambaa, maana linaingiza baridi. Kompyuta yake na kile kisanduku cha kuiunganisha na simu vilishachukuliwa kabla. "Mheshimiwa," mwendesha mashtaka alimwambia jaji, "mtu huyu akishika simu tu, mji mzima utaamka hauna maji." Nikamtazama Lenny pale kizimbani na soksi zake zisizofanana, nikajiuliza anasemwa nani.

Najua gazeti lilikufikia. Najua pia ulichomwambia mara ya mwisho: "Usinipigie tena, Leonard, sijui nani anasikiliza." Alikaa jikoni muda mrefu, mkono wa simu mapajani. Sikukulaumu. Mimi nalala naye kitanda kimoja, na picha yake ile ya gazetini ilinitia hofu.

Lakini nilikuwepo ilipopigwa, Shangazi. Mpiga picha alifunga mapazia mchana kweupe, akazima taa, akaniomba nitoke na mtoto, na nepi zilizoanikwa niziondoe. "Usicheke, bwana," akamwambia. "Tazama kama mtu mwenye siri." Na Lenny, unavyojua anavyopenda kuonekana mtu, akakunja uso. Nilisimama kwenye korido na furushi la nepi mbichi nikaona ni mchezo.

Hata jina walilipunguza. Hawa wadukuzi kila mmoja ana jina lake la utani kwenye mitambo wanayoandikiana, na la Lenny ni Kapteni Kabichi, kwa ajili ya zile kabichi zako za kujaza nyama. Gazeti likaandika "Kapteni" peke yake. Sasa watu wanaamini ana jeshi.

Alichofanya ni hiki. Aliingia kwenye kompyuta ya kampuni ya maji kwa kutumia simu, na nywila yao ilikuwa jina la kampuni yenyewe. Akasoma, hakugusa kitu. Kisha akafuata desturi yao: ukikuta mlango wa mtu wazi, unamwachia salamu kabla ya kutoka. Akaandika, "Mlango wenu hauna kufuli, ufungeni kabla hajaja mbaya," akatia na jina lake hilo la utani. Wao wanaita adabu. Kampuni iliita kitisho, na kwa jina lile wakamfuata mpaka hapa.

Sikuandikii kusema hana kosa. Aliponiambia, "Benny, nilikuwa nasoma tu," nilimjibu, "Ukiingia kwa mtu bila kualikwa, hata ukimfagilia sebule, umeingia." Ila kosa lake lina ukubwa wake, na wanaloliweka mbele ya jaji lina ukubwa wa sinema.

Wiki iliyopita ndiyo niliogopa hasa. Jioni Joanie alibanwa na kifua, anakohoa kama mbwa anayebweka, midomo inabadilika rangi. Lenny alimkimbiza bafuni akafungulia maji ya moto apate mvuke. "Nenda wewe," akaniambia. "Nikionekana mimi na simu, wananifunga leo leo." Nikakimbia na ndara kwenye theluji mpaka kwa jirani, Bi Kaminski. Hakutoa mnyororo wa mlango.

"Uko na yeye?" akauliza.

"Niko peke yangu, mama. Mtoto hapumui."

"Basi sema namba. Nabonyeza mimi. Simu yangu huishiki."

Akabonyeza, akautoa mkono wa simu kwenye ufa wa mlango, ameukamata mwenyewe, nami nikaongea na daktari nimeinamisha shingo kwenye baridi. Daktari alifika na mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini tangu siku hiyo kila akikohoa, natafuta ndara zangu.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Jaji atatoa hukumu tarehe ishirini na tano. Wakili anasema jela ni karibu sana, ila Lenny anaweza kuachwa nyumbani akiwa chini ya mtu mzima wa familia, atakayesimama mahakamani aseme: huyu namjua, nitamwangalia. Baba yangu amekataa. Kwa Lenny hakuna mwingine ila wewe uliyemlea.

Lenny hajui kuwa nakuandikia. Angenizuia kwa aibu. Nimemwambia akiachwa nyumbani, kompyuta hairudi, na amekubali. Akivunja ahadi, nitakuwa wa kwanza kukwambia.

Najua unaogopa watu wa parokia watasema nini. Mimi pia naogopa, Shangazi, naogopa mpaka mlio wa gari mtaani. Tafadhali usinijibu kwamba utatuombea. Maombi tunayo, hata Bi Kaminski anatuombea, nyuma ya mnyororo wake. Tulichokosa ni mtu wa kusimama. Kama huji, niandikie wazi, nisikae mahakamani nikigeuka kila mlango unapofunguliwa.

Nisalimie Mjomba Casimir, na Delphine na watoto wake. Mungu akupe afya na safari isiyo na barafu, ukiamua kusafiri.

Ni mimi mke wa mwanao, ninayekupenda hata ukikataa,

Bernadine