Marashi Tuliyokuzika Nayo

Baba yangu,

Leo ni Ijumaa, siku yako ya kunukia. Ulikuwa unainamisha kile kichupa cha mafuta ya udi kwenye kidole, unanipaka mgongoni mwa kiganja, kisha tunaelekea msikitini hapa kambini Dzaleka. Kidogo tu. Ulisema mtu mzima harufu yake isimtangulie mlangoni.

Unakumbuka nilivyokuja kutoka sokoni Chilinde, kwenye banda langu la kaunjika, nguo za mitumba, nimejipulizia marashi yale ya kizungu ya jina kubwa? Yanaanza na sukari iliyoungua, zinakuja lozi na karanga za kukaanga, halafu vanila inayogoma kutoka kwenye nguo mpaka kesho yake. Mi nikajiona bwana. We ulininusa shingo ukacheka mpaka ukakaa chini.

"We mutoto, unanukia keki ya batoto."

Sasa sikia aibu yangu. Siku ya kukuosha, kichupa chako kilikuwa kimekauka. Mzee aliyekuosha akaomba manukato ya sanda. Tukatazamana. Nani angekimbia mpaka madukani Dowa na kaburi limeshachimbwa? Nikatoa mfukoni nilichokuwa nacho. Mzee akanusa, akakupaka.

Jeneza lilipoinuliwa, harufu ikatangulia. Kwenye safu ya swala nyuma yangu mtu akanong'ona, akiuliza nani anakaanga karanga. Baba, nilitamani ardhi inimeze mimi kwanza. We uliyependa kupita kimya, nilikupitisha mbele ya watu unanuka sherehe.

Bandani Chilinde, kijana akipita amejipulizia yale yale, naiweka chini nguo niliyokuwa naikunja. Najiona tena pale makaburini.

Jana nimerudi nyumbani nikitaka kuitupa ile chupa chooni. Mama akaninyang'anya.

"Acha. Ile njo harufu ya mwisho nilisikia kwa baba yako."

Yuko eda, hawezi kujipaka. Anafungua kifuniko tu, ananusa, anafunga. Miaka yote ya udi wako, na sasa anakukumbuka kwa keki yangu. Nashindwa hata kumtazama usoni.

Basi pumzika, Baba. Huko wakikuuliza harufu hiyo umeitoa wapi, usinifichie. Waambie alikupaka mwanao, na hakuwa na nyingine.

Ni mimi, mutoto wako wa keki.