Bibi na Mtu wa Upekuzi

Jenifa uko wapi?? Acha kila kitu usome hapa.

Si unajua Gerson wetu anasubiri upekuzi wa ile kazi ya serikali? Wenzake wote wameshaanza kazi. Yeye kila akiuliza anaambiwa, "Bado unachunguzwa, kijana."

Sasa leo hapa Puge tunakula, bibi Yustina anacheka mwenyewe. "Mjukuu wangu, kuna baba mmoja alipita kuulizia tabia zako."

Tonge la Gerson likaishia hewani. "Ukamwambiaje, bibi?"

"Nikamwambia ukweli! Huyo mwizi wa ng'ombe, na bunduki kaificha kwangu uvunguni."

BUNDUKI, Jenifa!! UVUNGUNI!!

Ni utani wao wa bibi na mjukuu, tangu azaliwe anaitwa mwizi. Lakini yule mgeni si wa huku, atajuaje?

"Alicheka?" Gerson kauliza.

"Wala. Kaniaga vizuri, kasema atarudi na wenzake."

Hakucheka. Gerson anarudia hilo tu, kama mwenye homa.

Ninavyokuandikia gari limesimama nje, wameshuka watatu. Gerson kaganda kwenye kigoda. Bibi huyoo mlangoni, kafurahi kupata wageni:

"Karibuni, baba! Mwizi mwenyewe leo yupo!"