Tundu kwenye Ngoma ya Baba

Ijumaa jioni, Kitale

Mwanangu Neema amegonga ukingo wa ngoma na kijiko cha uji sasa hivi, na kwenye spika ikatoka sauti ya ukingo peke yake! Siku tatu nimehangaika kuiunganisha ngoma na spika. Nikigonga katikati, ukingo nao unalia. Kumbe vile visahani viwili vya kusikia pigo nilivibandika kwenye bati moja ndani ya ngoma. Leo nimehamisha kimoja pembeni, kwa mbao yenyewe, na sasa kila mahali panatoa sauti yake. Nimembeba mtoto nikacheka.

Sasa nitapiga kwa vidole tu, polepole, nikisikiliza kwa hedifoni Neema akilala, na mwenye ploti tunayopanga hatakuja kugonga mlango tena kwa sababu ya kelele.

Lakini nimetoboa ngoma ya Baba. Tundu la waya, linaingia kidole. Baba aliipiga kanisani Bungoma tangu nikiwa mdogo, akanifundisha nayo, akanipa nilipoolewa. Kesho anakuja kutuona na hajui.

Mume wangu Wekesa anasema, "Si uigeuze tu iangalie ukuta, mzee hataona."

Ati hataona! Baba anaijua hiyo ngoma mpaka mikwaruzo yake.

Naogopa, na tundu halizibiki. Afadhali nimwambie leo kabla hajafunga safari. Nitasema, Baba, nilitoboa ili nisiache kupiga, bado ni ile...

Wekesa ananiita kutoka nje. Ati Baba mwenyewe yuko kwa simu, anataka kujua kama ngoma yake bado inalia. Naenda kumwambia sasa.