Usiache Dawa ya Kifua, Mama Mdogo

Kijenge,
Arusha.
14 Juni 1998

Mpendwa Mama mdogo Tekla,

Shikamoo. Wewe na Baba mdogo Solomoni hamjambo huko Tabora? Na kifua je? Nakiulizia mapema kwa sababu ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Sisi ni wazima, ila baridi imeingia na mlima hatujauona wiki nzima.

Jumamosi nilikwenda Maji ya Chai kumsomea Bibi barua yako. Nilipofika pale unaposema umeacha dawa ya pumu tangu uanze vidonge vya kutafuta mtoto, kama Bibi mwenyewe alivyokushauri wakati wa Pasaka, na kwamba sasa unalala umekaa, Bibi aliacha kumenya ndizi. Alidhani dawa mbili zingegombana tumboni na mimba isishike.

Nilimuuliza jirani yetu, muuguzi Fransiska. Alisikitika sana. Alisema, "Mtoto atapumua kwa kifua cha mama yake. Mama akikosa hewa, na yeye anakosa."

Anasema dawa nyingi za pumu hazizuii mimba. Pumu iliyoachwa bila dawa ndiyo ya kuogopwa. Lakini hawezi kukupimia dawa kwa barua. Anakuomba uende hospitali sasa, usingoje ile tarehe ya kuangaliwa mirija ya uzazi, maana madaktari hawapendi kumpa mtu dawa ya usingizi kifua kikiwa kinabana. Daktari wa uzazi umwonyeshe dawa zako zote, hata za mitishamba. Na jikoni kwenye moshi, mwachie mwingine.

Nilirudi kwa Bibi nikiogopa, maana mtoto hamfundishi mzee. Aliuliza kama huyo muuguzi amezaa. Nikasema wanne. Akasema basi anajua anachosema. Kisha akaenda mpakani mwa shamba, akakata jani la isale na kulifunga fundo.

Mama mdogo, nimeona watoto wakipeleka isale kwa wazee wao kuomba msamaha. Mzee kumpelekea mwanawe sijapata kuona. Alinipa, akasema, "Mwambie Tekla nimekosa, arudie dawa yake. Mjukuu namtaka, lakini yeye ndiye niliyemzaa."

Mama anakusalimu, na kaka Aminiel pia. Mungu akupe pumzi ya kutosha, na mtoto kwa wakati wake.

Jani liko humu ndani ya bahasha. Huenda likafika limekauka, lakini isale haikataliwi.

Mwanao akupendaye,
Kandida Sumari